Dada anasema miche niliyomwoteshea si ya mama

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, naishi Dar es Salaam kwenye fleti ghorofa ya tatu. Kwetu ni Tanga. Jambo ninalokuandikia mume wangu akilisikia anacheka, lakini mimi limeninyima usingizi, na dada yangu wa tumbo moja hapokei simu zangu tangu Ramadhani.

Mama yetu alifariki mwaka juzi. Tuko wanne: dada mkubwa yuko Tanga, kaka yuko Muscat, dada wa pili yuko Arusha, na mimi ndiye kitinda mimba. Dada mkubwa ndiye aliyemuuguza mama. Mimi nilikuwa nakwenda wikendi nikipata nafasi, na nikituma hela ya dawa. Baada ya arobaini tuligawana vile vitu vyake vidogo vidogo. Dada alichukua cherehani na kabati la vyombo. Khanga tukagawana. Kaka akataka tasbihi na picha moja tu. Barazani kulikuwa na chungu kikubwa cha udongo chenye ule mmea wa majani marefu yaliyosimama wima, kijani chenye mabaka, na ukingo wa njano pande zote mbili. Wauza maua wa huku wanauita sanseveria. Mimi nimepata akili nikaukuta pale. Marehemu baba akirudi kazini, shamba la mkonge, alikuwa akiegemeza baiskeli yake kwenye chungu hicho, mpaka kina alama. Niliuliza mbele ya wote nani anakitaka. Hakuna aliyejibu. Dada mkubwa akasema, "Kibebe tu, kitanipunguzia kazi ya kufagia." Nikakipakia kwenye gari nikaja nacho.

Hapa nyumbani nilikiweka sebuleni, kona ya televisheni, maana roshani yetu ni ya kuanikia nguo na haina nafasi. Kila asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini nakimwagilia kikombe kimoja cha maji. Ndizo dakika zangu na mama. Namweleza habari za wajukuu, nani kaota jino, nani kafaulu. Kwa sababu ya chungu hicho nikaanza kupenda sakulenti zote, hii mimea inayoweka akiba ya maji kwenye majani. Sasa dirishani nina echeveria, zile zinazojipanga kama waridi, nina shubiri, na nina kile kimti cha jade chenye majani manene. Nikajifunza na kuotesha. Unachomoa jani la echeveria likiwa zima mpaka kwenye kikonyo, unaliacha kidonda kikauke, unalilaza juu ya udongo, na baada ya wiki chache linatoa mizizi na kitoto. Nimewagawia wenzangu ofisini mpaka wamenikimbia.

Mwaka jana dada akaanza kuikarabati nyumba ya mama. Akabadilisha mabati, akapaka rangi, akatandika mkeka mpya barazani. Akanipigia: "Baraza limekuwa tupu. Niletee chungu cha mama." Sikumkatalia. Nikamwambia nitamwoteshea kingine kutoka hicho hicho. Nikakata majani mawili vipande vipande, nikavichomeka kwenye mchanga. Vilikaa miezi bila dalili yoyote, nikakata tamaa, halafu vikatoa vitoto. Nilifurahi jamani! Nikavipanda kwenye chungu kizuri, nikavipeleka Tanga mwenyewe siku chache kabla ya mwezi.

Dada alikitazama chungu, akakizungusha, akaniuliza, "Njano iko wapi?" Ni kweli, Mshauri. Vitoto vyote vimetoka kijani chenye mabaka, hakuna hata kimoja chenye ukingo wa njano. Nikamwambia labda bado ni vidogo, vitabadilika. Akasema, "Umeninunulia barabarani, cha mama umekificha. Hii si ya mama." Nikaapa, hakunisikiliza. Chungu alikiacha pale pale mlangoni. Usiku akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la familia, kwamba yeye aliyemwosha mama na kumlisha ananyimwa hata jani la kweli, na aliyekuwa akija wikendi ndiye mwenye chungu. Hakuna aliyejibu. Kaka alinipigia pembeni akasema, "Mpe bwana, majani tu hayo." Dada wa Arusha anasema nisimpe, maana nikimpa nitakuwa nimekiri kwamba nilimdanganya.

Muuza maua wa mtaani kwetu ameniambia ili upate vitoto vyenye njano lazima ung'oe mmea wote uugawe mizizi. Nikifikiria kuung'oa mikono inatetemeka. Na kuna jingine: majani matatu ya katikati yamelainika chini, ukiyavuta yanatoka yenyewe, na yananuka. Naogopa nikiugusa utakufa wote. Nikimpa dada chungu kizima, mimi nitabaki na nini cha mama? Nisipompa, nitabaki na dada? Mume wangu anasema ninunue kingine chenye njano nimpelekee, hatajua, kwani hata jirani yetu wa nyumba ya pili kule Tanga anacho kama hicho hicho na vyote vinafanana.

Swali dogo la mwisho: echeveria zangu zimerefuka shingo na majani yameachana. Nilisoma kwamba dirisha la kusini ndilo lenye jua, nikaziweka huko. Tatizo liko wapi?

Wako,
Kitinda Mimba, Dar es Salaam

Mshauri anajibu:

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba. Wanaokwambia mwaka juzi ni zamani hawajazika mama.

Kama nimekuelewa, una mambo matatu yaliyofungwa kwenye fundo moja. Una mmea unaoumwa. Una dada anayeamini umemdanganya, na wewe unajua hukumdanganya. Na una hofu kwamba kitu pekee kilichobaki cha mama mkononi mwako ama utakipoteza kwa kukitoa au utakiua kwa kukigusa. Mumeo anacheka kwa sababu anaona majani. Mimi sicheki, ila nitaomba ruhusa nianze na lile swali lako dogo, kwa kuwa lina jibu rahisi na litatufaa mbele.

Ushauri wa dirisha la kusini umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi wa Dar es Salaam tuko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na jua linatupita juu ya kichwa likienda na kurudi. Kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka Oktoba jua la adhuhuri linakuwa upande wetu wa kaskazini, na dirisha la kusini hubaki na mwanga wa kuazima tu. Ikifika Oktoba mpaka Februari ndipo dirisha hilo linapopata zamu yake. Ongeza mawingu ya masika, utaona kwa nini echeveria zako zimerefusha shingo: zilikuwa zinatafuta mwanga. Dirisha la mashariki ndilo litakalozifaa zaidi, kwa kuwa jua la asubuhi linaingia mwaka mzima na halina ukali wa alasiri. Zihamishe polepole, siku chache kwa saa chache, la sivyo majani yatababuka.

Shingo iliyokwisha kurefuka hairudi. Dawa yake ni kisu. Unakata kichwa pamoja na sentimita 2 au 3 za shina, unakiweka kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, kisha unakikalisha juu ya udongo mkavu wenye mchanga mwingi, nacho kitatoa mizizi. Kisiki kilichobaki chunguni usikitupe. Pale majani yalipotoka huchomoza vichwa vingine, mara nyingi zaidi ya kimoja. Najua umeshaotesha majani mengi, lakini jani linachomolewa na mmea unabaki umesimama. Kukata kichwa ni jambo jingine, na nadhani bado hujalifanya. Lifanye kwa hizo echeveria kwanza, ambazo hazina historia ya mtu. Mkono utazoea.

Sasa njano.

Ukingo ule wa njano unatoka ndani kabisa ya mmea. Mmea wa mama yako una chembe za aina mbili zinazoishi pamoja kwa tabaka, za aina moja zinatengeneza ukijani, za pili haziwezi kuutengeneza. Tabaka hizo hushikana na kukua pamoja mahali pamoja tu, kwenye ncha ya ukuaji, na ncha hiyo iko kwenye lile shina nene linalotambaa chini ya udongo. Kila chipukizi linalotoka kwenye shina hilo linatoka na tabaka zote, kwa hiyo linatoka na njano yake. Ukikata jani ukalichomeka mchangani, kitoto kinaanza ncha mpya kutoka kwenye chembe za kijani za ndani ya jani, na njano haifuati. Ungekata majani 100, yote yangekujibu hivyo hivyo. Na havitabadilika vikikua. Echeveria za kijani za kawaida hazina mpangilio huo wa tabaka, ndiyo maana watoto wake walifanana na mama zao ukadhani ndiyo kanuni ya mimea yote.

Kwa hiyo vile vitoto ulivyovipeleka Tanga vimetoka kwenye mmea wa mama yenu na si kwingine. Uliapa kweli. Lakini jiweke mahali pa dada yako. Ameuona mmea ule maisha yake yote, na njano ndiyo alama anayoujulia. Ameletewa usio na njano, kwenye chungu kipya cha dukani, na mletaji mwenyewe hawezi kueleza njano imekwenda wapi ila anasema "labda itakuja". Mimi nisiyewajua nyote wawili ningeshuku. Simtetei kwa maneno aliyotuma kwenye grupu. Nasema tu kwamba huenda hakukuzulia. Alisema macho yalichomwambia. Je, ukimweleza haya ya tabaka atakuamini? Sijui. Huenda maelezo ya kitaalamu yakaonekana kama ujanja wa mtu wa Dar. Mwonyeshe majani yenyewe, au mwombe aulize muuza maua yeyote wa hapo Tanga asiyekujua wewe.

Niguse na lile la majani yanayonuka, maana hilo lina haraka kuliko yote. Hayo ni maji, mwanangu. Sanseveria inaweka akiba kwenye majani na kwenye lile shina la chini, na vinyweleo vyake vya kupumulia hufunguka usiku wakati hewa ina ubaridi, mchana hufungwa, kwa hiyo hupoteza maji kidogo sana. Kule barazani Tanga ulikuwa na upepo na mwanga, udongo ukikauka. Kwenye kona ya televisheni, kikombe kila asubuhi maana yake udongo haukauki kabisa. Mizizi inakosa hewa, shina linalainika, na ugonjwa unapanda kwenye majani. Watu wengi wanaiua sanseveria kwa kuipenda kwa maji. Sikwambii uache zile dakika zako za asubuhi. Kaa nao, zungumza, mweleze habari za meno ya wajukuu, pangusa majani vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Kinachopungua ni kikombe. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke mpaka chini ya chungu, kichomoe. Kikitoka na udongo umekamatia, usimwagilie. Kikitoka kikavu na kisafi, mwagilia mpaka maji yatokee tunduni, kisha uache tena. Ndani ya nyumba, msimu wa masika, huenda mwezi mzima ukapita.

Nimelitaja hilo kwa sababu linabadilisha swali lako. Uliniuliza ukiguse au usikiguse, kana kwamba kutokigusa ni salama. Kuoza kwa shina hakusimami penyewe. Ukisubiri, utakuwa umechagua vilevile, na kuoza ndiko kutakakogawa.

Jambo jingine. Uliandika kwa kupita tu kwamba jirani wa nyumba ya pili anacho kama hicho. Umewahi kumuuliza alikipata wapi? Nakuuliza kwa sababu hii: sanseveria ya aina hii asili yake ni Afrika Magharibi mpaka Kongo, na umbile lake la porini ni la kijani chenye mabaka, sawasawa na vile vitoto alivyovikataa dada yako. Wenye ukingo wa njano ulitokea Kongo, watu wakaupenda, na kwa kuwa haupatikani kwa jani, ukatembea duniani kwa mtu kung'oa, kukata shina, na kumpa mwenzake kipande. Mmea wa mama yako ulifika Tanga kwa njia hiyo, hata kama ulipita mikono mingi. Kuna mtu aliugawa akampa. Na pengine mama naye, siku moja ambayo wewe ulikuwa shule au hujazaliwa, aliung'oa akampa jirani. Inawezekana nimekosea, jirani huyo akawa alikinunua sokoni. Ila swali ni la bure na mwenye jibu yupo nyumba ya pili.

Marehemu baba yenu alifanya kazi ya mkonge, kwa hiyo hadithi hii huenda aliijua kuliko mimi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vingi vilikufa safarini, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mkonge huzaa maotea pembeni na vitoto juu ya mlingoti wa maua, vyote nakala ya mama, na kutoka kwenye hivyo 62 mashamba yakaenea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ikawa inauza nje zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Sijapata kumsikia mtu wa Tanga akisema mkonge wa Muheza si wa kweli kwa kuwa wa kwanza ulibaki Kikogwe. Wewe unaogopa kwamba ukigawa mmea, cha mama kitakuwa nusu. Mimi nauliza tu: nusu ipi itakuwa si yake?

Hapo nimesema juu ya mmea. Chungu ni habari nyingine. Chungu cha udongo chenye alama ya baiskeli ya baba ni kimoja na hakioti mizizi. Dada aliposema "niletee chungu cha mama", una hakika alikuwa anataka majani? Yeye ndiye anayekaa kwenye ile nyumba, na ndiye anayeliona lile duara barazani pasipo na kitu. Na siku aliyokwambia ukibebe kwa sababu ya kufagia, alikuwa ametoka kuuguza, kuosha, kuzika na kupokea wageni wa arobaini. Mtu katika hali hiyo anaweza kugawa hata mlango. Sisemi alichokitoa si chako. Uliuliza mbele ya watu na hakuna aliyekitaka. Nasema tu jibu lile lilitolewa na mtu aliyechoka, na wewe unaweza kuwa na haki kamili ya kitu na bado ukapenda kumsikiliza mwenzio.

Halafu rudi kwenye ule ujumbe wa sauti. Ulisikia kwamba anakuita mwongo, nawe ukaumia. Mimi nilisikia zaidi yale ya kumwosha na kumlisha. Kaka yenu amejibu kuhusu majani, dada wa Arusha amejibu kuhusu heshima yako. Kwa hayo uliyonisimulia, sijaona aliyemjibu dada mkubwa kwa lile alilolisema. Huenda mlishamshukuru siku nyingi na hukuona haja ya kuniandikia. Kama hamjamshukuru kwa maneno yanayosikika, basi hata ukimpelekea chungu chenye njano upana wa kiganja, kesho kutatafutwa kasoro nyingine.

Njia zilizo mbele yako nazitazama hivi. Hii ya mumeo, ya kununua kingine na kusema ndicho, naielewa. Anataka mkewe alale usingizi. Macho ya dada yatatulia. Lakini leo unaposema hukumdanganya unasema kweli, na kesho hutaweza tena kusema hivyo, na vitu vya namna hii huwa vinatoka kwa mtoto mdogo kwenye sherehe.

Kumpa kizima kuna uzuri wake. Ni tendo kubwa, linaonekana, na huenda likafungua simu. Ila kwa hali ilivyo sasa utakuwa umempelekea mgonjwa. Ukifa mikononi mwake baada ya miezi miwili, atasema ulimpa ulioharibika, au atajilaumu mwenyewe, na sijui kipi kibaya zaidi. Ukiichagua njia hiyo, utibu kwanza. Na ujiulize bila kujionea haya kama unampa kwa roho nyeupe au unampa ili asiwe na la kusema, maana cha namna ya pili hukumbushwa kila Idi.

Kugawa ukiwa peke yako hapo nyumbani kunawezekana kabisa, na kwa kazi yenyewe una uzoefu kuliko unavyojihesabia. Hatari yake ni kwamba dada hatakuwa ameona. Utampelekea kipande chenye njano naye atauliza tena kimetoka wapi. Kugawa mkiwa pamoja, yeye akiwa Dar au wewe ukiubeba kwenda Tanga, kunaondoa swali hilo, lakini kunaleta mengine: anaweza kukataa kuja, mnaweza kugombana juu ya kipande kipi kikubwa, na mkifika kwenye chungu chenyewe mtakuwa mmefika kwenye mgogoro halisi mkiwa na kisu mkononi. Hilo la mwisho nimelisema kwa utani, ila si utani wote. Wengine wenye chombo kimoja huwekeana zamu, wengine kinabaki kwenye nyumba ya wazazi na kila mmoja anajua ni cha wote. Wewe ndiye unayejua ndugu zako wanaweza lipi.

Vyovyote utakavyoamua, kazi ya mizizi ni hii. Acha kumwagilia leo. Laza chungu ubavu juu ya magazeti, usiuvute mmea kwa majani, ugonge chungu pembeni mpaka donge litoke. Pukuta udongo. Shina zima ni gumu na lina rangi ya njano inayokaribia chungwa. Lililooza ni la kahawia, laini, na utalijua kwa pua. Kata uoza wote mpaka ufikie nyama safi, ukipangusa kisu kwa spiriti kila mkato. Vipande vizuri ni vile vyenye majani mawili au matatu na mizizi yake yenyewe. Nawa mikono ukimaliza, na majani mabichi yaweke mbali na watoto, maana yakitafunwa hutapisha. Udongo wa kupandia uwe nusu udongo wa bustani, nusu mchanga mzito wa mto au kokoto ndogo. Mchanga wa ufukweni usiutumie, una chumvi. Chungu kiwe na tundu na kisizidi mizizi kwa mengi, na ukishapanda usimwagilie mpaka wiki ipite. Kisha kitafutie mahali penye mwanga kuliko kona ya televisheni.

Majani yaliyokatika lakini bado ni magumu unaweza kuyaotesha, ukijua sasa yatakuletea kijani. Na vile vya kijani vilivyoachwa mlangoni kwa dada, uliza kama bado vipo. Kama havitaki, dada wa Arusha na kaka hawajapewa chochote cha barazani, ingawa wa Muscat itambidi aulize kwanza masharti ya kuingiza mimea kule.

Usisubiri masika yaishe ili utoe uoza. Uamuzi wa nani apate kipi hauna haraka hiyo. Vipande vya sanseveria vilivyokatwa vikae kivulini siku tatu, nne, hata wiki bila udongo, havidhuriki. Ukivifunga kwenye gazeti safari ya basi mpaka Tanga si kitu kwao. Kwa hiyo ukishakata, una siku hizo zote za kumpigia dada yako kabla hujapanda hata kimoja, na asipopokea, unaweza kumtumia sauti yeye peke yake, nje ya grupu.